Kisigino kuuma asubuhi ukikanyaga tu chini

Dada uliyeuliza kwa nini kisigino kinakuchoma ukishuka kitandani halafu kinaachia ukitembea kidogo, pole sana, mimi kimenitesa karibu mwaka mzima maana nasimama saluni kutwa. Mara nyingi ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo, unaoanzia kisiginoni kwenda kwenye vidole, umechoka, sasa usiku unakaza na asubuhi ukikanyaga ghafla unavutika ndo maumivu yanakuja.

Kabla hujashuka vuta vidole vya mguu kuja kwako, hesabu mpaka 30, rudia mara 3, jioni gandisha maji kwenye chupa ya nusu lita uiviringishe chini ya unyayo dakika 10 hivi, vaa soksi barafu isikuunguze. Na tafadhali ndala zilizolika tupa, hata ndani kwenye tailizi usitembee pekupeku, tafuta kiatu chenye soli nene kidogo. Haiishi kwa wiki moja, ni miezi, usikate tamaa dada angu. Ila kama una sukari, au mguu unakufa ganzi au umevimba, barafu usiguse kabisa, nenda hospitali wauangalie kwanza.