Ana siliaki, amenawiri: aanze kula chapati?

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka 7 aligundulika mwaka jana na siliaki, ugonjwa wa utumbo usiovumilia ngano. Tangu tuache ngano ameongezeka uzito na haharishi tena. Bibi yake anasema ameshapona, nusu chapati Jumapili haimdhuru. Pia kuna muuza dawa za asili mwenye unga wa kusafisha utumbo. Anasema nikimpa siku 21 atakula chochote. Nimjaribu? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

JIBU: Usimjaribu, mama. Binti yako hajapona. Amenawiri kwa sababu hali ngano, na kila wiki nakutana na wazazi waliochanganya mambo haya mawili.

Slesi moja ya mkate ina takriban gramu 2 za gluteni, yaani protini ya ngano inayowaumiza wagonjwa hawa. Kiwango kinachoonekana salama kwa wagonjwa wengi hakizidi miligramu 10 kwa siku: ikate slesi hiyo vipande 200, uchukue kimoja. Sasa pima nusu chapati. Na asipoharisha msidhani imepita salama. Utumbo mwembamba unachubuka kimyakimya, chakula hakifyonzwi, damu inapungua, mtoto anadumaa, huku nyumbani mnasema "mbona mzima tu". Daktari Willem Karel Dicke wa Uholanzi alionyesha tangu 1950 kwamba ngano ndiyo mchokozi: watoto walioondolewa ngano walipata nafuu, wakirudishiwa wanaugua.

Bibi simlaumu, anampenda mjukuu. Amtengenezee vitumbua vya mchele mtupu au mkate wa kumimina, kwa mafuta ambayo hayajakaangiwa maandazi. Unga wa ugali msiusage kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Huyo wa siku 21 ndiye anayenikera. Hakuna dawa, ya asili wala ya hospitali, inayomruhusu mgonjwa wa siliaki kula ngano. Hakuna! Niliwahi kuletewa mtoto aliyerudi mifupa mitupu baada ya kunyweshwa uji wa "tiba". Muuzaji alipobanwa ataje vilivyomo, akataja ngano na shayiri. Shayiri nayo ina gluteni.

Hao watoto wako wengine wawili wapimwe damu hata kama hawaumwi, maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Na hapa nawaambia wazazi wote: msimwachishe mtoto ngano kwa ushauri wa jirani kabla ya kipimo. Kipimo kinatafuta askari wa mwili wanaopigana na gluteni; ngano ikiondoka nao wanapungua, jibu linatoka safi na ugonjwa upo. Itabidi arudishiwe ngano wiki kadhaa, aumwe upya, ndipo apimwe tena.