Kabla hujaomba msaada wa nasaba ya Kiingereza, soma mstari wa juu wa cheti

Mama mkwe wangu alipotimiza miaka 80 alinikabidhi kopo la biskuti lililoanza kushika kutu. Ndani mlikuwa na medali mbili zenye utepe uliochujuka, rozari iliyokatika msalaba, na picha ya kijana mwenye sare ya jeshi. Nyuma ya picha mtu aliandika kwa penseli: Afrika, 1915. "Huyu ni babu yangu," akaniambia. "Tukiwa wadogo tuliambiwa alipigana kwenu."

Kwetu ni Tanga. Nimekua nikisimuliwa vita vya Novemba 1914, jinsi jeshi la Mwingereza lilivyoshuka melini kutoka India likakutana na askari wa Mjerumani, na nyuki nao wakaingia vitani. Katika jeshi lile kilikuwemo kikosi cha pili cha Loyal North Lancashire, vijana wa miji ya viwanda vya pamba kaskazini ya Uingereza. Nami nimeolewa Preston, mji wa kikosi hicho. Mume wangu ni kitukuu cha yule kijana wa pichani, wanangu ni vilembwe vyake. Nilishika ile picha nikajua sitalala mpaka nimjue mtu huyu na waliomzaa.

Sasa ni mwaka wa nne. Kwetu nasaba inakaa vichwani mwa wazee, bibi yangu alikuwa akitaja majina saba kwenda juu bila kuvuta pumzi. Huku nasaba imelala kwenye makaratasi, na makaratasi yenyewe yanasomeka vizuri na watu waliokwisha kuyazoea. Kwa hiyo utahitaji watu. Nimesaidiwa na wengi ambao sijawahi kuonana nao uso kwa uso, na nimejifunza kwa gharama namna ya kuomba na namna ya kupokea.

Anza na mzee wako aliye hai, tena leo. Mama mkwe alinipa mambo matatu ambayo hayapo kwenye rejista yoyote: babu yake aliitwa nyumbani kwa jina lisilo la ubatizo, shangazi mmoja alihamia Blackburn baada ya ugomvi, na Ijumaa nyumba ile haikupikwa nyama. Niliandika yote. Hilo la tatu nililiandika bila kuelewa uzito wake.

Baada ya hapo ukaingia kwenye kumbukumbu za serikali. Uingereza na Wales walianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Faharasa za usajili huo unaweza kuzipekua bure kwenye FreeBMD, kazi ya watu wa kujitolea waliokaa wakanakili mamilioni ya majina, na pia kwenye faharasa ya General Register Office yenyewe, ofisi kuu ya usajili ya serikali. Hii ya pili ina fadhila moja kubwa: inaonyesha jina la ukoo wa mama wa mtoto tangu 1837, wakati faharasa ya zamani ilianza kulionyesha mwaka 1911. Ukiwa na watoto watano wenye jina moja katika wilaya moja, jina la mama ndilo litakalokuokoa.

Kisha sensa, kila miaka kumi. Ya 1841 ndiyo ya kwanza kubaki na majina ya watu nchi nzima, lakini umri wa watu wazima mara nyingi ulishushwa mpaka kwenye tano au kumi ya chini yake, mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Kuanzia 1851 utakuta uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na parokia aliyozaliwa. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliungua moto, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, basi hapo katikati shikilia rejista ya wakazi iliyoandikwa Septemba 1939.

Nilipanda kwa njia hiyo bila tabu. Kijana wa pichani alizaliwa Preston 1888. Baba yake alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860. Babu yake, mfumaji wa pamba, kila sensa ilimpa umri wa mtu aliyezaliwa mwaka 1834 au 1835, yaani kabla ya usajili wa serikali kuanza. Hapo unageukia rejista za parokia, ambazo Kanisa la Uingereza, yaani Anglikana, liliamriwa kuziweka tangu 1538. Nikakuta mtoto aliyebatizwa Novemba 1834 katika kanisa la parokia pale Preston: jina lake, jina la baba, kazi ya baba mfumaji, vyote sawasawa. Na mtu mmoja alikuwa tayari amemchora mtoto huyo kwenye shajara yake ya nasaba, yaani mchoro wa ukoo, akaenda naye juu mpaka miaka ya 1690. Nikaichukua shajara yote kama ilivyo.

Miezi minane nilijenga juu ya ukoo huo. Nilimchapishia mama mkwe, akauweka kwenye fremu sebuleni.

Aliyenizindua ni muuguzi mstaafu anayeishi Chorley, ambaye amekuwa akisoma rejista za Lancashire, kaunti yenye mji wa Preston, kwa zaidi ya miaka 30. Nilimwandikia kumuuliza jambo jingine kabisa. Akanijibu kwa swali moja: "Ndoa yake ya 1858 ilifungwa wapi?" Cheti nilikuwa nacho. Nilikuwa nimesoma majina, umri, kazi, majina ya baba wawili, na alama za X za bwana na bibi harusi wasiojua kuandika. Mstari wa juu kabisa, unaotaja mahali, sikuusoma. Nikaenda kuutazama. Ndoa ilifungwa kwenye kanisa la Wakatoliki, mbele ya msajili.

Preston ulikuwa mji wenye Wakatoliki wengi sana tangu zamani. Rozari ilikuwa ndani ya kopo, nyama ya Ijumaa ilikuwa daftarini kwangu, na mimi nikawa natafuta ubatizo kwa Waanglikana.

Yule muuguzi hakuishia hapo. Alifungua rejista ya mazishi ya kanisa lile lile nililolitegemea, akanitumia picha ya ukurasa. Februari 1836, mtoto wa mwaka mmoja, jina lile lile, mtaa ule ule. Mtoto wangu wa 1834 hakuwahi kuwa mfumaji wala kuoa. Alizikwa kabla hajaweza kukimbia. Nilikaa na picha ile jioni nzima. Nilikuwa nimempa mtoto wa watu ukoo mzima wa vitukuu na vilembwe, na mama yake alimzika angali mdogo.

Wa kweli tulimpata baada ya wiki mbili, amebatizwa 1835 katika kanisa la St Wilfrid's, la Wajesuiti, lililofunguliwa 1793. Nisingemwona peke yangu, kwa kuwa mapadre waliandika kwa Kilatini: William ni Gulielmus, James ni Jacobus. Rejista za Wakatoliki zina neema nyingine, zinataja wasimamizi wa ubatizo. Msimamizi wa kike alikuwa dada wa mama yake, na kupitia jina lake tukajua mama alitoka kijiji gani. Halafu ndoa ya wazazi hao tukaikuta kwa Waanglikana! Usishangae. Kati ya 1754 na 1837 sheria ililazimisha ndoa zifungwe katika Kanisa la Uingereza, isipokuwa za Wayahudi na za Wakweka, dhehebu dogo la Kikristo. Mkatoliki alioa huku, akabatiza kule. Asiyejua sheria hiyo atadhani ni watu tofauti.

Kutokana na hayo, ushauri wangu wa kwanza ninautia mkazo. Ukiona mtu umemtafuta ukampata akiwa mtoto, kabla ya kumpandisha kwenye shajara hakikisha hakufa utotoni. Nenda kwenye mazishi ya miaka kumi inayofuata, katika kanisa lile na ya jirani. Miji ya viwanda ilizika watoto wengi kupita kiasi. Na shajara ya mtu mwingine ichukue kama fununu: inakuonyesha wapi pa kuchimba, kuchimba unachimba mwenyewe.

Sasa namna ya kuuliza. Siku za mwanzo niliandika hivi kwa watafiti: "Naomba msaada wa kutafuta mababu wa mume wangu kutoka Lancashire." Wengi walinyamaza, na haki yao. Ombi kama hilo ni sawa na kumfuata fundi ukamwambia anijengee, bila kiwanja, bila ramani. Siku hizi naandika hivi:

"Namtafuta mfumaji wa pamba, aliyeoa Preston 1858 kwa Wakatoliki, sensa za 1861 na 1871 zinasema alizaliwa Preston, umri unaangukia 1834 au 1835. Baba yake kwenye cheti cha ndoa ni mfumaji pia. Nimeshapitia ubatizo wa kanisa la parokia, aliyepo alizikwa 1836. Je, rejista za Wakatoliki za miaka hiyo nizipate wapi?"

Swali moja. Mahali, mwaka, ulikotazama, ulichokikosa. Ombi la namna hii hujibiwa, mara nyingi siku hiyo hiyo, maana anayesoma anaona umekwisha kutoka jasho lako. Na ukijibiwa, mwulize mtu amekiona wapi alichokisema. Mtafiti mzuri hakasiriki kuulizwa chanzo, hufurahi.

Lipo jambo ambalo watu hawalizungumzi vya kutosha, nalo ni siri za nyumba. Upande wa bibi wa mama mkwe tulipata cheti cha kuzaliwa cha 1863. Nafasi ya jina la baba ni mstari mtupu. Mahali pa kuzaliwa ni nyumba ya maskini. Mwaka ule Lancashire ilikuwa katika njaa ya pamba: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikata pamba isije, viwanda vikafungwa, watu wakakaa bila kazi wala chakula. Binti mfumaji, hana kazi, mjamzito, hana mume. Bwana mmoja wa Bolton ndiye aliyekiona kwanza, na alinifanyia uungwana ambao sitausahau. Hakuandika hadharani. Aliniandikia peke yangu: "Nimepata kitu, ungependa kukijua kabla wazee hawajakijua?"

Nilingoja mpaka Jumapili, tukiwa wawili jikoni, ndipo nikamwuliza mama mkwe kama angetaka kusikia yote, hata yenye uchungu. Akasema anataka. Nilipomaliza alilia kidogo, akasema, "Maskini binti yule, na baridi ile." Jina la yule binti sasa lipo kwenye shajara kwa ridhaa yake. Angekataa, lingebaki kwangu. Kwa kipimo cha DNA tahadhari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu kinagusa walio hai: zungumza na ndugu kabla ya kutema mate kwenye kichupa. Na mtu aliye hai usimwandike mahali pa wazi, hata akiwa mwanao.

Mwanajeshi wetu je? Sehemu kubwa ya majalada ya askari wa kawaida wa vita vya kwanza vya dunia iliteketea kwa mabomu ya Wajerumani London, Septemba 1940, na lake ni mojawapo. Lakini kadi za medali zimebaki, nakala zake zipo National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa kule Kew, London. Kadi ya mtu aliyeingia vitani kabla ya 1916 inataja uwanja wa vita alioingia kwanza na tarehe. Ya kwake inasema Afrika Mashariki, Novemba 1914. Nilimsomea mama mkwe kwa simu, nikanyamaza, naye akanyamaza.

Nilipokwenda nyumbani likizo, yule bwana wa Bolton aliniomba jambo. Babu yake mdogo alikufa Tanga katika vita vile na ukoo wao haujawahi kufika. Nilikwenda makaburini asubuhi na mapema na kaka yangu, tukafuta vumbi kwa kitambaa cha maji, tukapiga picha jina lilipochongwa, tukapiga na mwembe, na barabara, na bahari kwa mbali, ili aone mahali penyewe. Hayo ndiyo malipo yanayotakiwa katika kazi hii. Usipokuwa na kaburi la kupiga picha, nakili. Kuna mradi wa kujitolea wa Lancashire OnLine Parish Clerks, unaoweka rejista za parokia wazi kwa kila mtu bila malipo, na kaunti nyingine kadhaa wana miradi kama huo. Mtu aliyenakili ukurasa mmoja wa mwandiko wa 1790 hatamlaumu tena aliyekosea herufi ya jina lake.

Ile fremu ya sebuleni imebadilishwa karatasi. Mtoto aliyezikwa 1836 nimemwekea ukurasa wake daftarini, pamoja na wazazi wake, iwapo atatokea mtu wa ukoo wao anayewatafuta.

Alhamisi nakwenda Lancashire Archives, Bow Lane, na penseli zangu mbili, kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi mezani. Kwenye orodha nina maswali matatu ya watu wengine na moja langu: yule shangazi wa Blackburn aligombana na nani.