Mzee wako hasemi habari za vita? Muulize walikula nini

Mwanangu uliyefungua uzi huu, marahaba. Umeandika kwamba baba yako alipigana Vita vya Kagera, babu yako alikuwa askari wa KEYA (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu Afrika Mashariki), na ndani ya sanduku la marehemu mna nishani ambayo hakuna mtu pale nyumbani anayejua ni ya nini. Umemuuliza mzee mara tatu, na kila mara anakujibu "vita ni vita" kisha anainuka. Unataka kujua uanzie wapi kabla hajatutoka. Wenzangu hapo juu wamekushauri umwitie waandishi wa habari. Nakuomba usifanye hivyo, angalau si sasa. Mimi nimekaa pande zote mbili: nilikuwa mtoto wa askari wa KEYA asiyesema kitu, kisha na mimi nikawa mzee wa Kagera nisiyesema kitu.

Kwetu Musoma kulikuwa na bakuli la bati lenye mkono wa kukunja, lile la askari. Mama alilitumia kupimia mtama. Sisi watoto tulijua baba alirudi nalo kutoka "Bama", yaani Burma, siku hizi Myanmar, na Bama kwetu lilikuwa jina tu, mahali pa mbali ambako baba aliwahi kwenda. Kwenye kitako palikuwa na namba zilizochongwa kwa msumari, moja ya mwisho imekaribia kufutika kwa moshi na kusuguliwa na mchanga. Nikiwa darasa la tatu nilimuuliza ni namba za nini. Akasema, "Zangu." Ikaishia hapo kwa zaidi ya miaka kumi.

Niliingia jeshini mwaka 1976. Oktoba 1978 majeshi ya nduli Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakakalia ardhi yetu yote ya kaskazini mwa mto Kagera, na baadaye daraja la Kyaka la kuvukia mto huo likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alipohutubia taifa, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sisi tulimsikiliza kwenye redio ndogo ya dereva tukiwa tumesimama kando ya lori. Mvua za mwaka ule nazikumbuka kuliko risasi. Malori yalizama kwenye tope hadi ekseli, tukayasukuma kwa mabega, na buti zangu hazikukauka kwa wiki nzima. Kyaka tulivuka usiku, juu ya daraja la muda lililofungwa na wahandisi wetu. Linacheza chini ya miguu, maji huyaoni ila unayasikia. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa kijana wa Kondoa, na nilishika mkanda wake mpaka ng'ambo.

Yaliyofuata tulipoingia Uganda yameandikwa na wengi: Mutukula, Masaka mwezi Februari 1979, Lukaya mwezi Machi tulipokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, Kampala tarehe 11 Aprili. Waganda walitupokea barabarani wakituita "bakombozi". Yule kijana wa Kondoa hakufika. Alibaki Lukaya, na sijawahi kuisimulia siku ile kwa mtu ambaye hakuwepo. Mzee wako naye huenda ana Lukaya yake. Ukimwendea na swali la "ilikuwaje vitani" unampeleka moja kwa moja pale pale, ndiyo maana anainuka.

Niliporudi nyumbani kwa likizo, nchi ikiwa imeambiwa ifunge mikanda kwa miezi 18, majirani walijaa uani. Kila mmoja alitaka kujua nimeua wangapi. Baba alikaa kimya kwenye kigoda chake. Watu walipotawanyika, akasogeza kigoda, akauliza: "Mlikula nini?"

Nikamwambia. Makopo, ugali wa baridi, maharage yasiyoiva kwa sababu moshi ulikatazwa, na huko Masaka ndizi tulizopewa na akina mama wa vijijini. Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia kwamba wao, kwenye bonde la Kabaw huko Bama mwaka 1944, wakipigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia, chakula kilianguka kutoka mbinguni. Barabara zilikuwa zimekufa kwa masika, kwa hiyo ndege ziliwadondoshea mizigo kwa miavuli, na kuna siku upepo uliwapelekea Wajapani mchele wao. Akanieleza ruba walioingia kwenye tundu za kamba za buti. Akanieleza vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Mwisho akafika mto Chindwin, pale Kalewa, Desemba ile ile, ambapo daraja la kuelea lilifungwa, refu kuliko lolote la aina yake wakati huo, zaidi ya mita 350. "Lilikuwa linacheza," akasema. Nikamjibu, "Hata la Kyaka lilicheza." Tulikaa pale mpaka jogoo la kwanza. Alikuwa na miaka 35 ya maneno tumboni, na ufunguo wake ulikuwa chakula.

Usiku ule ndipo nilipojua kilichomuuma zaidi. Haikuwa Wajapani. Ilikuwa siku ya kupewa barua za kuachishwa jeshi, alipogundua kwamba kiinua mgongo kimepangwa kwa rangi, Mwafrika mwisho wa foleni, wakati ruba hawakuchagua. Na lilimuuma jambo jingine, kwamba Amin alitoka KEYA hiyo hiyo. Jenerali Musuguri, aliyekuwa kamanda wetu, naye alianzia KEYA mwaka 1942. Baba aliona kama ni nyumba moja imegawanyika, na mwanawe amekwenda kupigana na jirani wa kambini.

Sasa rudi kwa mzee wako. Siku ya kwanza usishike daftari wala simu. Tengenezeni kitu pamoja, jembe au baiskeli, mikono ikiwa na kazi mdomo hulegea. Muulize chakula, muulize buti, muulize walilala wapi mvua ikinyesha. Muulize nani alikuwa mchekeshaji wa platuni. Jina likitoka, usilikimbilie, liache lirudi lenyewe kesho yake. Mkeo akipika maharage siku hiyo si vibaya. Ukishaachana naye ndipo uandike, usiku huo huo, kwa maneno yake alivyoyasema, pamoja na majina, kikosi, na namba yake ya jeshi. Namba usiipuuze hata kidogo, maana jina linaweza kuandikwa namna tano na karani asiyelijua kabila lenu, lakini namba ni moja.

Ile nishani ya babu itazame vizuri. Kama ni nyota ya ncha sita ya rangi ya shaba, na utepe wake ni buluu iliyoiva, katikati una mstari mpana mwekundu na kila upande kuna mstari wa rangi ya chungwa, basi ni Nyota ya Bama, na babu yako alikuwa huko huko na baba yangu. Usiisugue kwa dawa ya kung'arisha. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyekwenda asirudi, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina mtandaoni, bure. Kule Taukkyan, karibu na Yangon, yamechongwa majina ya karibu watu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo.

Mzee akishaanza kusema, na kama miguu inamruhusu, mpeleke Kaboya, Muleba, walikozikwa wenzetu zaidi ya 600. Usimpeleke siku ya sherehe. Mpeleke siku ya kawaida, asubuhi, umwache atembee peke yake kati ya makaburi, wewe ubaki langoni. Mimi nilipokwenda nilikaa saa mbili kwenye kaburi moja, na mwanangu alikuwa na akili ya kutonifuata.

Akitaja kombania yake niandikie hapa hapa. Yawezekana tulivuka Kyaka usiku mmoja, na kama ndivyo, mwambie kuna mtu Musoma anakumbuka lile daraja lilivyocheza.