Mkenya kununua kiwanja Tanga: Itifaki inasemaje?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni Mkenya, nina biashara zangu Voi. Nimepata kiwanja Tanga cha kujenga nyumba ya kuishi, na rafiki yangu Mtanzania yuko tayari tuandike jina lake. Dada yangu naye anataka kufungua saluni Arusha. Tunaambiwa Afrika Mashariki ni soko moja, mbona Tanzania inatubania? Tunaweza kushtaki?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nianze na ardhi, maana ndiko watu wanakopoteza pesa.

Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu hilo soko moja, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na wengi wanaijua kwa kusimuliwa. Ibara ya 15 inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Maneno hayo hayakuponyoka kalamuni. Tanzania ndiyo iliyoyakomalia kwenye mazungumzo, na wenzake wakayasaini Novemba 2009 wakijua. Kwa hiyo ukisema inavunja Itifaki kwenye ardhi, utashindwa asubuhi na mapema.

Ukirudi kwenye sheria ya nchi, unakutana na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999: asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Hapo Mkenya na Mjerumani wako foleni moja. Nyumba ya kuishi si uwekezaji. Kusajili kampuni hakukuokoi kama hisa nyingi ni za wasio raia. Kupanga nyumba, panga hata kesho.

Hilo la jina la rafiki, nakuomba uliache. Nilishawahi kuletewa karatasi ya mauziano yenye mashahidi wanne na muhuri wa serikali ya mtaa, kila kitu kimekaa sawa, jina la rafiki juu. Rafiki akafariki, warithi wakadai kiwanja chao. Muhuri ulikuwa halali kabisa, na ndio uliomwangusha mteja wangu, kwa sababu ulithibitisha kwamba mwenye mali ni marehemu.

Saluni ni kesi nyingine. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, zikiwemo za uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, na saluni isipokuwa ya hotelini au ya kitalii. Kenya ililalamika, na mimi naona ilikuwa na hoja. Ibara ya 13 ya Itifaki inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda kujiajiri nchi nyingine ya Jumuiya. Nchi inaweza kuibana haki hiyo kwa sababu za sera ya umma, usalama au afya, lakini lazima iwaarifu wenzake. Kunyoa nywele kunahatarisha usalama gani, mimi sijaona.

Mbona inabania? Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau. Mwaka 2000 Tanzania ikatoka COMESA, soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ikabaki SADC, jumuiya ya nchi za Kusini. Kenya, Uganda na Rwanda walipoanza 2014 kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho, Tanzania haikuingia, ndiyo maana Busia, mpakani na Uganda, unapita na kitambulisho lakini Namanga, mpakani na Tanzania, unaulizwa pasi. Na kwa kuwa wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote, hakuna wa kumsukuma asiyetaka.

Kushtaki mnaweza. Ibara ya 30 ya Mkataba ulioanzisha Jumuiya inamruhusu mkaazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kupitia serikali yake. Tatizo ni muda: miezi miwili tu tangu sheria itungwe au uamuzi utolewe, au tangu mlalamikaji ajue. Dada yako akinyimwa leseni, adai jibu kwa maandishi lenye tarehe, alete nakala siku hiyohiyo.

Wewe, kama hujalipa arubuni ya kiwanja, usilipe.