Sikunyimwa mkopo, ila nimetozwa zaidi. Huo nao ni ubaguzi?

SWALI: Mimi ni Mkenya, nesi hapa Columbus, Ohio. Nimekubaliwa mkopo wa nyumba kwa riba ya asilimia 7.4. Mzungu tunayefanya naye zamu moja, mishahara na alama zetu za mikopo (zile za kuonyesha tunavyolipa madeni) zikikaribiana, amepata 6.6 kwa kampuni hiyo hiyo. Nikiuliza, naambiwa nishukuru nimekubaliwa. Sheria inanihusu, ilhali sikunyimwa?

JIBU: Inakuhusu, dada. Sheria ya makazi ya 1968 na ile ya usawa katika mikopo ya 1974 hazikatazi kunyima tu. Zinakataza pia kumbagua mtu katika riba, ada na masharti kwa sababu ya rangi au nchi alikotoka. Na hilo la kushukuru lisikutie aibu, maana ndilo lililowaumiza wengi kabla ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008.

Zamani benki zilikwepa mitaa ya weusi. Baadaye mitaa hiyo hiyo ikafurikwa na madalali wa mikopo ghali. Desemba 2011 kampuni ya mikopo ya nyumba ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza madai ya Wizara ya Sheria: kwamba wateja zaidi ya 200,000, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walitozwa zaidi ya wazungu wenye sifa kama zao, na zaidi ya 10,000 kati yao walisukumiwa mikopo ya subprime, yaani ile ghali ya wenye rekodi dhaifu ya madeni, ilhali walistahili ya kawaida. Wote hao walikubaliwa! Maofisa na madalali walikuwa na uhuru wa kupandisha bei, na kwa mikopo mingi ya enzi zile, riba ikipanda kamisheni nayo inapanda. Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 ilipiga marufuku malipo ya namna hiyo.

Hata hivyo, tofauti ya 0.8 peke yake haijathibitisha kitu. Mwombe mwenzako fomu yake ya makadirio ya mkopo, ile ya kurasa 3, uilaze kando ya yako. Ukurasa wa 2, sehemu A, tazama kama alilipia pointi; pointi moja ni asilimia 1 ya mkopo, hulipwa mwanzoni ili riba ishuke. Linganisha pia malipo ya awali, aina ya mkopo na tarehe riba ilipofungwa, yaani kampuni ilipoahidi kutoibadilisha, kwani riba hubadilika kila siku. Mara nyingi jibu huwa hapo. Yakilingana yote, waandikie kampuni wakueleze riba yako ilipatikanaje, nao wakujibu kwa maandishi.

Kama hujasaini, chukua makadirio kwa wakopeshaji wengine wawili siku moja. Kama umeshasaini, malalamiko kwa Wizara ya Nyumba ya serikali kuu, HUD, ni bure, ila yafike ndani ya mwaka 1. Mahakamani, sheria ya 1968 inakupa miaka 2, ya 1974 miaka 5. Usitupe hata barua pepe moja ya yule ofisa.