Chupa Moja kwa Siku Tatu: Ushauri kwa Wanaoanza Kuonja Mivinyo ya Italia Nyumbani

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuhudumia wateja mezani mjini Modena, niliandika katika daftari langu la mafunzo maneno matatu tu kuhusu mvinyo wenye viputo uitwao Lambrusco di Sorbara: mkali, mwepesi, haufai. Nilikuwa nimeuonja nikiwa nimesimama, tumbo tupu, baada ya zamu ya mchana wa Julai, kutoka katika chupa iliyokaa juu ya kaunta tangu asubuhi. Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, na mnaojifunzia nyumbani kwa kuwa mafunzo ya darasani ni ghali, nawaomba mlitazame kosa hilo kwa makini.

Jina lenyewe lilikuwa limenitia shaka kabla sijaonja. Katika miaka ya 1970 na 1980 Lambrusco mtamu wa bei nafuu uliuzwa kwa wingi sana Marekani, na sifa ya kuwa soda yenye kilevi imeuandama tangu wakati huo, ingawa Lambrusco si zabibu moja bali ni jamii ya zabibu kadhaa zinazolimwa hasa katika maeneo ya Modena na Reggio Emilia. Ule wa Grasparossa una rangi nzito na ukakasi. Ule wa Sorbara umepauka, karibu na rangi ya waridi, na uchachu wake ni mwingi. Ua la mzabibu wa Sorbara haliwezi kujichavusha lenyewe, kwa hiyo wakulima hupanda jirani yake safu za aina nyingine iitwayo Salamino, na hata hivyo vichala vingi hutoka na punje chache tena ndogo. Mkulima anayevumilia shida hiyo mwaka hadi mwaka lazima awe na sababu, nami sikuwa nimejiuliza ni ipi. Nilipouonja tena wakati wa baridi, ukiwa na joto la nyuzi kama 12 za Selsiasi, pamoja na soseji ya nguruwe iliyochemshwa na kipande cha jibini la Parmigiano, uchachu nilioulaumu ndio uliosafisha mafuta kinywani, kwa sababu ile ile inayotufanya sisi tukamulie ndimu nyama ya mbuzi ya kuchoma. Nilikuwa nimeuhukumu mvinyo kabla ya kuupa kazi yake.

Utaratibu ninaowashauri kwa mivinyo isiyo na viputo ni wa chupa moja kwa siku tatu. Mara unapoifungua, mimina nusu yake katika chupa ndogo safi ya mililita 375 hadi shingoni, uizibe vizuri na kuiweka katika jokofu. Kwa kuwa hewa haikupata nafasi humo, siku ya tatu nusu hiyo itakuwa bado karibu sana na ulivyokuwa mvinyo siku ya kwanza, nawe utaweza kuuweka kando ya ule uliobaki katika chupa kubwa ukipata hewa, uone umeongeza nini na umepoteza nini. Onja unapofungua, onja baada ya saa moja, kisha onja kesho yake na kesho kutwa, na kila mara andika kabla ya kutazama ulichoandika awali. Na mteme. Najua kwamba katika malezi yetu kutema mbele za watu ni utovu wa adabu, lakini jikoni kwako ndoo ndogo haina shahidi, na mtu aliyemeza glasi tatu haonji tena, anasherehekea.

Joto linastahili kutajwa hapa kwa sababu ndilo linalodanganya zaidi. Mvinyo mweupe uliotoka katika jokofu sasa hivi hauna harufu ya kutosha kuhukumiwa. Mpe dakika 20 mezani. Mvinyo mwekundu ulioachwa jikoni wakati wa kiangazi cha Italia hutoa kilevi puani na kuficha mengine yote. Utie chupa katika maji ya baridi kwa muda huo huo.

Verdicchio ndio ulionionyesha thamani ya siku ya tatu. Mvinyo huu wa mkoa wa Marche ulijulikana duniani kwa chupa yenye umbo la mtungi wa kale, iliyobuniwa mwaka 1953, na umbo hilo lilipochoka kupendwa, mvinyo nao ulichukuliwa kuwa wa watalii wanaokula samaki ufukweni. Mimi pia niliuona hivyo siku ya kwanza: ndimu, kisha kimya. Siku ya tatu ulikuwa na harufu ya anisi, na mwishoni uchungu mdogo wa lozi uliokaa kinywani kwa muda mrefu. Tangu hapo huwashauri wanaoanza wanunue chupa mbili, moja ya Castelli di Jesi na nyingine ya Matelica, wazionje pamoja. Zabibu ni ile ile, lakini bonde la Matelica limelala kutoka kaskazini hadi kusini, mbali na bahari, huku mabonde mengi ya mkoa huo yakifunguka kuelekea Adriatiki. Usiku wake una baridi zaidi, na kwa kawaida mvinyo wake huwa na uchachu ulionyooka zaidi.

Jihadharini na majina. Montepulciano d'Abruzzo umeitwa kwa jina la zabibu, ilhali Vino Nobile di Montepulciano umeitwa kwa jina la mji wa Toscana na hutengenezwa hasa kwa zabibu za Sangiovese. Jihadharini na rangi pia: Grignolino wa Piemonte umepauka kiasi cha kuonekana kama maji ya waridi, lakini punje zake zina mbegu nyingi, na ukakasi wake hukamata ulimi kama bibo la korosho ambalo halijaiva. Katika mkoa huo huo kuna Timorasso, mvinyo mweupe wa vilima vya Tortona, ambao zabibu yake ilikaribia kutoweka hadi mkulima Walter Massa alipoanza kuishughulikia upya katika miaka ya 1980. Huo niliupuuza wakati nilipokuwa na uwezo wa kuununua, na bei haikunisubiri.

Kuhusu maneno, vitabu vya mafunzo vimejaa cheri chachu, stroberi za porini na maua ya urujuani, vitu ambavyo sikuvinusa utotoni. Nilivikariri nikaviandika, na baada ya miezi sita daftari halikunikumbusha chochote. Andikeni kwanza mnachokijua, yaani ukwaju, zambarau, ubuyu, majani makavu ya chai, udongo uliopata mvua. Lugha ya mtihani itafuata. Schioppettino, mvinyo mwekundu wa Friuli, una kiambata kiitwacho rotundoni, ambacho ndicho hicho kinachoipa pilipili manga harufu yake, na aliyekulia katika mashamba ya viungo ya Unguja au Pemba ataitambua kabla glasi haijafika mdomoni.

Hata hivyo, subira isigeuke upofu. Ipo mivinyo niliyoionja mara nne na bado ni mibaya. Jambo la kuuliza kwanza ni kama unachokichukia kimekusudiwa. Vernaccia di Oristano wa Sardinia hukaa miaka kadhaa katika mapipa ambayo hayajazwi hadi juu, chini ya utando wa hamira, na harufu yake ya jozi na lozi kavu inaweza kumfanya anayeanza aseme kwamba umeharibika, kama nilivyosema mimi. Wala haupaswi kulinganishwa na Vernaccia di San Gimignano, kwa kuwa ni zabibu tofauti zilizopewa jina moja. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa, kwa upande mwingine, hutokana na kizibo kilichoathirika, na huzidi kadiri mvinyo unavyopata hewa. Chupa ya namna hiyo msingojee siku ya tatu: izibeni tena na mwirudishe dukani pamoja na risiti. Nyingine zote, kinachobaki siku ya nne kinafaa kupikia nyama.