Usinunue king'ora, nunua kaunta buku

Mkuu, hela ya king'ora irudishe kwenye mfuko wa kijiji leo hii. Umeuliza king'ora gani cha umeme cha kutangaza kimbunga na mafuriko kinaifaa kamati ya maafa ya kijiji chenu Kilwa, na mafunzo yawe siku ngapi. Naanza na king'ora.

Mnazi mmoja ukilalia nyaya, umeme umekwenda. Mnara wa simu utajikongoja kwa betri, nazo zikiisha, kundi lenu la WhatsApp kwaheri. Tuseme kimelia: kinasema nini? Tukimbie? Tukae ndani? Bwana harusi kafika?

Tena kinamlilia nani? Mvua za huku ni Novemba hadi Aprili. Kimbunga Kenneth kilitutishia Aprili 2019. Hidaya hata Mei 2024, barabara ya Dar ikakatika Somanga. Msimu huo watu wako bondeni, kwenye madungu, vile vibanda vya juu vya shambani, wanaamia mpunga nguruwe wasiumalize. Wengine wako dago, kambi ya wavuvi ng'ambo ya maji. King'ora kitawaamsha mbuzi wa ofisi ya mtendaji. Huyo mwezeshaji aliyewauzia wazo hili kwa projekta na fulana za bure, muulizeni kama amewahi kukanyaga tope la mto Matandu mwezi wa tatu.

Shika hili: tangazo halijafika mpaka jibu lirudi.

Kila mjumbe wa kamati apewe kaya kumi, zisizidi kumi na tano, zote kwenye kaunta buku: jina la mkuu wa kaya, nyumba ilipo, dungu lake liko upande gani wa mto, nani hawezi kutembea na nani atambeba. Daftari lipitiwe Novemba, kisha Februari watu wakishahamia shamba. La mwaka jana litakupeleka kwenye dungu tupu. Mjumbe akishapiga hodi kwa wote, anarudi kwa mwenyekiti kusema nani kaitika na nani hakuonekana. Asiporudi, hesabu kaya zake zote hazijaambiwa.

Dago lipelekewe habari Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo tu, ile rangi ya njano, kwa boti ya wachuuzi wa samaki. Mkingoja tahadhari kubwa, ile nyekundu, bahari imeshachafuka, nani atavuka? Dikoni, pale boti zinapoegeshwa, bendera nyekundu ipande kabla ya magharibi, maana wavuvi wanatoka alfajiri.

Mafunzo? Usiku mmoja. Mwenyekiti peke yake ndiye ajue, aanzishe zoezi la tangazo saa nne, aandike saa ambayo jibu la mwisho limerudi. Hapo ndipo mtagundua mjumbe fulani anaishi Nangurukuru siku hizi.

Kama lazima mnunue kitu chenye sauti, chukueni kipaza sauti cha mkononi cha betri. Betri zikae nje yake, kwenye mfuko wa nailoni, vinginevyo zitavuja na kula vyuma vya ndani, na siku ya kazi kitakohoa tu.